Kebo ya Mashine ya Kung'arishia Gari Ikikatika: Jinsi ya Kuipima na Kuifunga Upya

Mashine ya kung'arishia gari ikianza kuzima na kuwaka kila unapogeuza mkono, usikimbilie kuilaumu mota. Mara nyingi kilichochoka ni kebo ya umeme, na imechokea palepale zinapochokea nyingi: sentimita chache kutoka kwenye shingo, yaani pale inapotoka kwenye mshikio. Anayepiga polishi huipeleka mashine kulia na kushoto, huiinua hadi kwenye paa, huishusha hadi chini ya mlango, na kila mwendo huikunja shaba sehemu ileile. Kebo ya milimita 1 ya mraba kwa kawaida huwa na nyuzi 32 za shaba katika kila waya wake, kila uzi ukiwa na unene wa milimita 0.2. Nyuzi hizo hazikatiki kwa siku moja. Hukatika mmoja mmoja ndani ya plastiki huku kebo kwa nje ikionekana nzima.

Kebo iliyokatika nusu ni mbaya kuliko iliyokatika kabisa, kwa kuwa bado inakushawishi uendelee na kazi. Mashine ya wati 1200 kwenye umeme wa volti 230 huvuta takriban ampea 5.2. Nyuzi zilizobaki zikigusana kwa shida na kuleta ukinzani (kizuizi cha umeme kupita) wa omu 1 tu, wati 27 hivi hugeuka joto mahali padogo kuliko ukucha. Hilo ni joto la chuma kidogo cha solda, na limezungukwa na plastiki. Kwenye umeme wa volti 120 hali ni kali zaidi: mashine ya nguvu hizohizo huvuta ampea 10, na omu ileile moja huweza kutoa karibu wati 100. Plastiki hulainika, nyaya mbili hukaribiana, kisha inatokea shoti, tena karibu na vitambaa vyenye mafuta ya polishi na sakafu ambayo mara nyingi ina maji. Mashine iliyoanza kukatakata ichomolewe hapohapo. Boneti iliyobaki nusu itasubiri.

Kwanza jua kosa liko wapi

Kosa la kebo hufuata mkao wa kebo. Mashine huwaka ukiinyoosha kebo na kuzima ukiikunja, au shingo inakuwa ya moto baada ya dakika chache, au unasikia harufu ya plastiki karibu na mshikio. Wakati mwingine kasi hushuka na kupanda ilhali hujagusa kitufe cha kasi.

Kaboni za mota, yaani vipande viwili vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zikiisha, dalili ni nyingine. Cheche nyingi huonekana kwenye matundu ya hewa, mashine hushika ukiigonga bapa la mkono, na kuikunja kebo hakubadilishi kitu. Kaboni iliyobaki kama milimita 5 imekwisha kazi yake. Zibadilishe zote mbili. Swichi ikiharibika, mashine huwaka ukibonyeza kwa nguvu sana au ukibonyeza kwa upande. Vumbi la polishi lililokauka ni adui mkubwa wa swichi za mashine hizi, kwa hiyo usishangae ukiikuta imejaa unga mweupe.

Usitafute kosa kwa kuwasha mashine na kuikunja kebo kwa vidole. Uzi wa shaba uliokatika ni mkali kama sindano. Hutoboa plastiki na kutokeza nje, na kidole chako ndicho kilicho juu yake. Kipimo hufanywa kwa multimita, yaani mita ya kupimia umeme, plagi ikiwa nje ya soketi.

Kama plagi yako ina fyuzi ndani, itoe uipime kabla ya kufungua chochote. Fyuzi nzima husoma karibu omu 0. Iliyoungua haisomi kitu. Na kama imeungua, usiweke mpya na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Fyuzi haiungui bila sababu, na kebo iliyogusana ndani ni sababu ya kawaida sana.

Tahadhari moja kuhusu kupima kwenye meno ya plagi huku umebonyeza swichi. Mashine isiyo na kidhibiti kasi cha kielektroniki husoma omu chache hadi makumi, ambao ni ukinzani wa waya za mota. Lakini mashine nyingi za siku hizi zina kidhibiti cha kielektroniki, nacho hakifunguki kwa volti ndogo ya multimita. Utaona mita haisomi kitu, nawe utadhani kebo imekatika kumbe ni nzima. Kipimo cha kuaminika ni kile cha waya mmoja mmoja, kutoka kwenye jino la plagi hadi mwisho wake ndani ya mshikio. Kwa hiyo lazima ufungue.

Kebo ya kununua

Soma kibao cha mashine kabla ya kwenda dukani. Tafuta wati au ampea, kisha tafuta alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Alama hiyo maana yake mashine ina ukingaji wa tabaka mbili na haihitaji ethi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, kwa hiyo kebo yake ni ya nyaya mbili. Mashine nyingi za polishi ziko hivyo. Kama alama haipo na kebo ya zamani ina nyaya tatu, basi na mpya iwe na tatu.

Makosa mawili hufanywa hapa na yote ni ya hatari. La kwanza ni kuikata ethi kwenye mashine inayoihitaji eti kwa sababu soketi ina matundu mawili. Siku umeme ukigusa kichwa cha gia, utapita kwako. La pili ni kuiongezea ethi mashine ya tabaka mbili kwa kuufunga waya wa kijani kwenye chuma chochote cha ndani. Mashine hiyo haikutengenezwa hivyo, na waya huo unaharibu ule ukingaji uliowekwa na kiwanda.

Unene wa shaba: milimita 1 ya mraba inatosha mashine ya hadi ampea 10. Milimita 0.75 inatosha hadi ampea 6, lakini kwa mashine kubwa ya kuzunguka ni afadhali uanzie 1. Penye umeme wa volti 120, ambako mashine kubwa hufikia ampea 10, chukua 1.5. Usipunguze unene chini ya ule uliokuja na mashine. Urefu wa mita 4 unatosha kuzunguka upande mzima wa gari. Mita 5 ni raha zaidi na haina madhara.

Aina ya ganda la nje ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Kebo ya plastiki ya kawaida, yenye maandishi H05VV-F, ni rahisi kuipata lakini hukakamaa ikipata baridi na hulainika ikigusa kitu cha moto. Kebo ya mpira hukunjika vizuri zaidi. Kati ya hizo za mpira, chagua yenye herufi RN, yaani H05RN-F au H07RN-F. Ganda lake linastahimili mafuta, na kwenye kazi ya polishi mafuta, nta na dawa za kuondolea lami haviepukiki. Yenye herufi RR ni mpira wa kawaida, nayo huvimba na kupasuka ikizoeana na vitu hivyo. Kumbuka H07RN-F ni nene. Pima kipenyo cha kebo ya zamani kwa kaliba au rula, ulinganishe na mpya, la sivyo itakataa kupita kwenye mpira wa shingo.

Vifaa vingine: multimita, bisibisi ya nyota, bisibisi ya Torx (T15 na T20 ndizo zinazokutana zaidi na mashine hizi), bisibisi bapa nyembamba, koleo la kukatia, kisu kikali au koleo la kuchunia waya, vichwa vya bomba vya kubania ncha za waya pamoja na koleo lake, brashi ya rangi iliyo kavu, na simu ya kupigia picha. Mpira mpya wa shingo uununue kabisa kama unapatikana. Ule wa zamani mara nyingi umekakamaa, na mpira uliokakamaa unaivunja kebo mpya kwa njia ileile.

Kufungua mshikio

1. Chomoa plagi, uiweke mezani unapoiona muda wote. Kisha bonyeza swichi kwa sekunde chache. Ndani kuna kapasita, kifaa kidogo kinachohifadhi umeme, ya kuzuia mwingilio wa redio, nayo inaweza kubaki na chaji. Kubonyeza swichi huipa njia ya kuimwaga kupitia mota. Hata hivyo usiguse meno ya plagi wala ncha za kapasita kwa dakika moja hivi.

2. Futa vumbi kwenye mashine kabla ya kulegeza skrubu. Unga wa polishi ukiingia kwenye beringi utakuletea kazi nyingine.

3. Angalia mshikio unafunguka vipi. Baadhi ya mashine zina kifuniko cha nyuma pekee chenye skrubu mbili hadi nne. Nyingine zina mwili unaopasuka nusu mbili, na kwa baadhi ya hizo lazima utoe kaboni kwanza, la sivyo unazivunja. Kama nusu mbili haziachani baada ya skrubu zote kutoka, usitumie bisibisi kulazimisha: kuna skrubu uliyoisahau, mara nyingi chini ya kibandiko au chini ya mpira wa mshikio.

4. Panga skrubu kwa mpangilio zilivyotoka. Skrubu ndefu ikirudishwa kwenye tundu la fupi hutoboa plastiki na inaweza kufika kwenye waya.

5. Inua kifuniko taratibu huku mashine imelala. Kitufe cha kufunga swichi kina springi ndogo inayopenda kuruka. Piga picha tatu au nne kabla hujagusa kitu: njia ya kila waya, rangi zake, kapasita imefungwa wapi, na nyaya zimepita upande gani wa nguzo za plastiki. Nyaya zisiporudi kwenye njia zake, kifuniko kitazibana.

Kupima waya kwa waya

Weka multimita kwenye omu, kiwango cha chini kabisa, au kwenye mlio, yaani hali ambayo mita hulia njia ya umeme ikiwa nzima. Gusanisha ncha zake zenyewe na usome: 0.2 au 0.4, huo ni ukinzani wa nyaya za mita. Sasa weka ncha moja kwenye jino la plagi na nyingine mahali waya unapofungwa kwenye swichi. Waya wa milimita 1 wenye urefu wa mita 4 una omu 0.08 tu, kwa hiyo waya mzima husoma karibu sawa na ncha zilipogusana. Ukisoma omu 1 au zaidi, waya huo umekwisha hata kama mlio unasikika.

Acha mita imeunganishwa, omba mtu akushikie au tumia vibanio, kisha ikunje kebo polepole kuanzia shingoni hadi kwenye plagi, sentimita tano tano, ukiizungusha kidogo. Namba ikiruka au mlio ukikatika, umepafikia. Weka alama ya kalamu. Endelea hadi mwisho; kebo iliyochoka shingoni mara nyingi imechoka na mlangoni mwa plagi pia.

Rudia kwa waya wa pili, na wa tatu kama upo. Mwisho pima kati ya nyaya zenyewe, swichi ikiwa imeachwa. Kati ya laivu, yaani waya unaoleta umeme, na nyutro, yaani waya unaourudisha, mita isisome kitu. Namba inaweza kupanda kwa muda mfupi kama kapasita iko upande wa kebo, hiyo ni kawaida. Ikisoma omu chache na kubaki hapo, nyaya zimegusana au kapasita imeharibika. Chomoa kapasita upime tena ili ujue ni ipi.

Kama waya zote ni nzima, shukuru kwamba hujakata kebo. Kosa liko kwenye swichi, kaboni au kidhibiti kasi.

Kufupisha au kubadilisha?

Kufupisha kunafaa pale tu kosa liko karibu na shingo au karibu na plagi na sehemu nyingine yote ni laini, haina mikwaruzo wala nyufa. Kata sentimita 15 hadi 20 kupita alama yako, kisha chuna waya uangalie shaba. Ikiwa inang'aa kwa rangi yake ya asili, kebo hiyo bado ina maisha. Ikiwa nyeusi au ya kijani, unyevu umeingia, na mara nyingi umetembea mbali ndani ya ganda. Kata sentimita 10 nyingine. Bado nyeusi, tupa kebo yote.

Kosa likiwa katikati, badilisha kebo nzima. Tunajua kishawishi cha kuunga na kufunga tepu: ni dakika kumi na mashine inazunguka. Lakini kiungo cha tepu ni kigumu kuliko kebo inayokizunguka, kwa hiyo kebo huanza kukatika kando yake. Gundi ya tepu hulainika kwa joto na kuachia kwa mafuta ya polishi. Maji ya kuoshea gari hupata njia ya kuingia. Na kiungo kinaburutwa chini siku nzima, kinakanyagwa, kinavutwa kwenye kona ya tairi. Hata mpira wa kusinyaa kwa joto, ulio bora kuliko tepu, hauirudishii kebo nguvu ya kuvutwa.

Kufunga kebo mpya

1. Toa nyaya za zamani. Kama zimefungwa kwa skrubu, legeza. Kama zimechomekwa kwenye matundu ya springi, usivute. Kando ya kila tundu kuna mwanya mwembamba. Ingiza humo pini au bisibisi ndogo ya upana wa milimita 1 hivi, sukuma, na waya utatoka wenyewe. Ukivuta kwa nguvu utavunja mdomo wa springi, na hapo unanunua swichi. Kama zimeishia kwenye vibanio bapa vya kuchomeka, vuta kwa kushika kibanio chenyewe kwa koleo.

2. Legeza kibano cha kebo, kile kipande cha plastiki chenye skrubu mbili ndani ya mshikio, kisha toa kebo pamoja na mpira wa shingo.

3. Vika mpira wa shingo kwenye kebo mpya SASA, kabla ya kuchuna chochote. Hatua hii husahauliwa kuliko zote, na anayeisahau hugundua wakati anafunga kifuniko. Mpira ukibana sana, lainisha kwa maji ya sabuni kidogo, kisha kausha vizuri. Usitumie mafuta wala grisi. Kebo itateleza ndani ya kibano.

4. Chuna ganda la nje milimita 40 hadi 60, kwa kulinganisha na ile ya zamani. Zungusha kisu kwa wepesi bila kukata hadi ndani, kisha ikunje kebo ili ganda lipasuke lenyewe kwenye mkato. Kagua plastiki ya nyaya za ndani kwa macho. Ukiona alama ya kisu, kata uanze upya. Kebo ya mita 4 haitalilia sentimita sita. Kwa mashine yenye ethi, acha waya wa ethi uwe mrefu kuliko wenzake kwa sentimita 1 au 2. Siku kebo ikivutwa hadi ikatoka, ethi iwe ya mwisho kuachia.

5. Chuna ncha za nyaya milimita 6 hadi 8. Zihesabu nyuzi ulizokata kwa bahati mbaya: mbili au tatu kati ya 32 bado si neno, sita ni nyingi.

6. Tengeneza ncha kulingana na terminali, yaani mahali waya unapofungwa. Hapa ndipo matengenezo mengi huharibikia. Penye skrubu, vika kichwa cha bomba na ukibane kwa koleo lake, au zungusha nyuzi vizuri tu. Usipake solda. Risasi ya solda ni laini, na chini ya mkandamizo wa skrubu hutambaa polepole. Baada ya wiki kadhaa skrubu inakuwa imelegea bila kuguswa, kiungo kinapata moto, nawe unarudi ulikoanzia. Penye tundu la springi hali ni kinyume: tundu linataka ncha ngumu, kwa hiyo kichwa chembamba cha bomba au ncha iliyopakwa solda kidogo inafaa, nyuzi tupu zitajikunja mlangoni. Penye vibanio bapa, bana vipya vya upana uleule, 6.3 na 4.8 ndivyo vya kawaida, na cha 6.3 hakikai kwenye ulimi wa 4.8.

7. Funga kila waya mahali pake kwa kufuata picha. Kahawia ni laivu, bluu ni nyutro, kijani chenye mstari wa njano ni ethi. Kwa mfumo wa Marekani nyeusi ni laivu, nyeupe nyutro, kijani ethi. Kwenye kebo za zamani nyekundu ilikuwa laivu na nyeusi nyutro, kwa hiyo nyeusi inaweza kukudanganya; thibitisha kwa multimita kutoka kwenye plagi. Ukibadilisha laivu na nyutro mashine itazunguka vilevile, lakini swichi yenye mguso mmoja itakuwa inakata nyutro, na waya za mota zitabaki na umeme hata swichi ikiwa imezimwa. Rudisha kapasita ilikokuwa. Vuta kila waya kwa vidole. Usitoke wala kusogea.

8. Weka kebo kwenye kibano. Kibano kishike ganda la nje, kamwe kisishike nyaya za ndani, na ganda litokeze upande wa ndani milimita 5 hivi. Baadhi ya vibano vina mgongo upande mmoja, kwa hiyo ukikigeuza kinabana kebo nyembamba au nene. Kaza skrubu zote mbili kwa zamu. Ganda libonyee kidogo tu, lisipasuke. Weka alama ya kalamu kwenye kebo pale inapotoka, kisha ivute kwa nguvu ya mkono mara kadhaa, ukiisukuma na kuizungusha pia. Alama ikisogea zaidi ya milimita 2, kibano hakijashika. Usikijazie tepu ili kishike. Tafuta kibano kinacholingana na kebo.

9. Acha nyaya za ndani zikiwa na ulegevu mdogo kati ya kibano na swichi. Zikiwa zimenyooka kama uzi wa gitaa, mvuto wote unaishia kwenye terminali.

10. Panga nyaya kwenye njia zake, rudisha springi na kitufe, funika. Nusu mbili zikutane kwa kusukumwa na vidole pekee. Zikibakiza mwanya, kuna waya umekaa juu ya nguzo, fungua tena. Kaza skrubu hadi zishike, zisiendelee, maana zinaingia kwenye plastiki.

Plagi

Kama plagi ya zamani iliumbwa pamoja na kebo, haifunguki. Kata na uitupe, baada ya kuyapinda meno yake asije mtoto akaichomeka. Plagi mpya iwe ya skrubu na yenye kibano chake. Fuata herufi L, N na alama ya ethi zilizochorwa ndani. Kanuni ni zilezile: kibano kwenye ganda, hakuna solda chini ya skrubu, hakuna uzi wa shaba uliotokeza pembeni. Fyuzi iwe ya ukubwa uliotajwa kwenye kibao au maelezo ya mashine. Karatasi ya fedha ya sigara si fyuzi.

Vipimo kabla ya umeme

Rudia kipimo cha kuikunja kebo, safari hii kwa kebo mpya, ukiwa na mita kwenye meno ya plagi. Kwa mashine isiyo na elektroniki, bonyeza swichi: usomaji uwe tulivu huku kebo ikikunjwa. Ukiachia, mita isisome kitu. Kwa yenye elektroniki, kipimo cha waya kwa waya ulichofanya kabla ya kufunika ndicho cha kutegemea.

Pima pia kati ya kila jino la plagi na chuma kinachogusika: kichwa cha gia, ekseli ya sahani, skrubu za nje. Pasiwe na usomaji. Multimita hupima kwa volti chache tu, kwa hiyo haioni plastiki iliyochunwa nusu. Fundi mwenye kipimo cha ukingaji cha volti 500 aunganishe laivu na nyutro pamoja kwa waya mfupi, ili elektroniki zisipate mzigo, afunge swichi kwenye hali ya kuwaka, kisha apime hadi kwenye kichwa cha gia. Megaomu 2 au zaidi kwa mashine ya tabaka mbili, megaomu 1 au zaidi kwa yenye ethi. Chini ya hapo mashine isichomekwe. Kama ina ethi, jino la ethi na kichwa cha gia viwe karibu omu 0.

Kuwasha

Chomeka kwenye soketi inayolindwa na swichi ya kukata umeme unapovuja, ile ya miliampea 30. Simama pakavu. Toa sponji, weka kasi ya chini kabisa, shika mashine kwa mikono miwili ikiwa haigusi kitu, kisha washa. Izungushe mashine yenyewe kulia, kushoto, juu na chini kama unapiga polishi, bila kuikunja kebo kwa mkono. Mlio uwe mmoja. Swichi ya ulinzi ikikata hapohapo, chomoa na ufungue tena. Mara nyingi ni uzi mmoja wa shaba uliobaki nje ya terminali, au waya uliobanwa na kifuniko.

Ukiunganisha kwa kebo ya nyongeza, iwe ya milimita 1.5 kwa hadi mita 25, na 2.5 kwa zaidi ya hapo. Kama ni ya kuviringishwa kwenye gurudumu, ifungue yote. Kebo iliyoviringwa haina pa kutolea joto na huweza kuyeyuka ndani huku mizunguko ya juu ikionekana salama. Kiungo cha kebo mbili kikae mbali na maji, na kebo ipite nyuma ya bega ili isigonge rangi ya gari wala isining'inie kwa pembe kali shingoni. Ukimaliza kazi usiizungushe kwenye mwili wa mashine kwa kuikaza. Iviringe kwa duara pana na uache sentimita 20 za kwanza zikiwa huru.

Baada ya dakika 10 za kazi yenyewe, chomoa na upapase. Kebo iwe na joto dogo lililo sawa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Shingo ikiwa ya moto kuliko katikati, kuna terminali isiyobana: fungua, rudi hatua ya 6. Plagi ikiwa ya moto huku kebo ikiwa baridi, angalia skrubu za plagi kwanza. Ukizikuta zimekaza, jaribu soketi nyingine, kwa kuwa soketi yenye midomo iliyolegea huchoma plagi nzima hata kama ulifunga kila kitu sawasawa.